Écran ya Pili Njo ya Kwanza

Lundi, tarehe 3 mwezi wa sita

Niandike mbio, mbele furaha ipoe. Nina écran tatu, bioo bya kompyuta! Mu Butembo yote, kwa sisi batu ya kupiga barua, faire-part za kualika na video ya ndoa, hakuna mwenye kuwa na tatu. Ananie, yule wa studio ya ngambo ya barabara, eko na moja. Moja!

Zote tatu ni nyeusi, sura moja, mutumba muzuri kabisa. Nzanzu tu njo iko na alama ndogo ku pembe. Ndiyo, nimezipa majina, nimeyabandika chini ya kila moja kwa karatasi na colle, kufuata namna sisi Banande tunaita batoto kwa kuzaliwa. Ya kwanza kununuliwa ni Nzanzu. Ya pili ni Kambale. Ya tatu ni Kasereka.

Mi mwenyewe ni Kambale, mutoto wa pili wa kiume. Yaya yangu, kaka yangu mukubwa, ni Nzanzu. Miaka makumi tatu na nane nimevaa viatu yenye Nzanzu amechoka nayo. Nimekula kipande ya kuku yenye Nzanzu ameacha. Donc humu mu bureau yangu nimeamua: Kambale njo inakaa katikati, njo principale, mashini yote inaitii. Nzanzu ikae kushoto, itazame.

Kitu moja tu inanikaza roho. Chumba ni ya yaya Nzanzu. Yeye anauzisha bitunguu, na anataka hii chumba iwe dépôt ya kuweka magunia. Amenipa mpaka siku ya Mungu, tarehe 9: nimuonyeshe client mukubwa, wa kweli, ama nitoke na mashini yangu kichwani. Bon! Client niko naye. Ni Mama Hadjara wa Beni, mwenye camions, magari makubwa. Anataka écran tatu mu agence yake, batu baone saa ya kutoka: moja ya Beni na Butembo, moja ya Kirumba, moja ya Kanyabayonga. Samedi atakuja kuona zangu. Akipenda, nitamufungia écran mu agence zake mbili. Dépôt ya bitunguu itafute fasi ingine!

Saa kumi ya mangaribi. Mambo imeharibika. Écran zote tatu zimeanza kupepesa. Zinazima, zinawaka, zinazima. Mama Agar, mujane mwenye ananipigia barua na kufuma tricot kati ya client na client, hakuinua hata kichwa. Asema ni câble ya Kambale. Asema câble ikilegea, ile écran inatoka, inarudi, na kila mara mashini inahesabu batoto wake upya. Njo maana zote zinapepesa.

Nilicheka. Ile câble nilitengeneza mi mwenyewe! Bisindano byake nilinyoosha kwa meno, nikafunga scotch nyekundu. Mama Agar ajue sufu yake.

Mardi, tarehe 4

Nimepata adui. Ni Luc, soudeur, mwenye kuunga chuma nyuma ya ukuta. Akigusisha chuma, courant ya umeme inaanguka, écran zinapepesa. Iko wazi sawa jua! Mama Agar akanikumbusha kama jana saa kumi Luc alikuwa ameshafunga. Mutu mwenye kazi hasikie kila kitu.

Sasa namna gani kumutoa Luc siku moja, nipime? Kumuomba anyamaze? Hapana. Atauliza sababu, na muji muzima utajua kama écran za Kambale ni gonjwa. Nikatumia akili. Nilimuambia kama kuna mama ku Kalunguta, Mama Tamar, anatafuta soudeur wa portail, geti ya chuma, haraka sana. Hakuna Mama Tamar. Nilimutunga pale pale, hata kitambaa yake ya kichwa nilimuelezea: ya kijani, na maua. Luc akapanda pikipiki, mètre mu mufuko.

Kimya. Hakuna chuma, hakuna cheche. Nikakaa mbele ya Kambale, mikono juu ya magoti.

Ikapepesa.

Saa tisa Luc akarudi. Nilijificha nyuma ya imprimante, mashini ya kuchapa. Akanitafuta, akanipata, akanikumbatia! Asema Mama Tamar hakumuona, lakini vile alikuwa anamuulizia nyumba kwa nyumba, batu bakamupeleka kwa mwalimu mumoja mwenye anajenga. Amepewa portail na madirisha sita. Ameniletea mukungu ya ndizi, muzima! Nilimuambia ni kitu kidogo, mi nawaza bajirani yangu kila siku.

Mama Agar alikula ndizi tatu, macho ku scotch yangu nyekundu.

Mercredi, tarehe 5

Luc hana kosa. Ni Ananie! Namna gani sikuona mbele? Ameweka haut-parleur mupya, kipaza sauti, ku mulango, muziki toka asubuhi. Ile mawimbi inavuka barabara, inaingia mu écran zangu. Na anajua! Kila nikimuangalia, ananipungia mukono na kucheka. Mutu haone sababu ya kucheka vile bila kuwa na makosa.

Nimeazima tôle tatu, mabati, kwa Luc. Sasa hawezi kuninyima kitu. Nimezifunga nyuma ya écran kwa kamba. Bureau imefanana choo yenye bado kumalizika, mais imefanya kazi! Dakika makumi mbili, hakuna kupepesa. Nilicheza. Nilicheza kweli, na muziki ya Ananie yenyewe. Kisha mashini ikashikwa na joto chini ya ile tôle, ikazima kabisa.

Ananie alisikia tôle zinaanguka. Akavuka barabara na câble mupya mukononi, asema nipime tu, nitamurudishia siku nitapenda. Na ile tabasamu! Câble ya Ananie mu mwili ya Kambale? Jamais! Nilimuambia tuko mu majaribio, mambo ya juu sana, aniache. Akamupa Mama Agar, naye akaiweka mu sac yake ya tricot. Nilijifanya sikuona.

Saa nane yaya Nzanzu akaingia na magunia tano ya bitunguu. Asema bikuje bizoee chumba. Gunia moja ilipasukia mulangoni, na ikabidi tuokote na kusafisha bile bilivunjika. Tulilia, mi na Mama Agar na yaya mwenyewe. Papa mumoja aliingia kwa barua ya mukutano, akatukuta na machozi. Akavua kofia. Akatupa pole, mumoja mumoja, akauliza ni nani ametuacha. Mama Agar akamujibu kama ni écran.

Alitoka bila barua yake.

Jeudi, tarehe 6

Science. Nimemuita ku téléphone Jokébed, binti ya shangazi, eko Beni, alisoma informatique, mambo ya kompyuta. Ni mutu wa familia, hawezi kutangaza.

Alianza muzuri. Asema nifungue ile liste ya programu zenye kutumika. Kama yote inapepesa isipokuwa liste, ni programu moja inaleta fujo. Kama hata liste inapepesa, ni pilote, ile programu yenye kuongoza écran, ama ni câble. Liste ilipepesa. Nilisikia tu pilote. Tukaibadilisha, ikachukua asubuhi nzima juu ya connexion ya internet yenye kutembea kwa magoti. Tukaweka fréquence makumi sita kwa zote. Nikagusa kitu ingine, sijue gani, na écran ya Nzanzu ikageuka kichwa chini, miguu juu. Hiyo niliacha saa mbili. Kila nikipita kushoto nilisikia vizuri mu roho.

Kupepesa, bado.

Jokébed akasema basi, kipimo ya mwisho, na hiyo haidanganye: chomoa moja moja. Nikachomoa Nzanzu: zingine zinapepesa. Nikarudisha. Nikachomoa Kasereka: zingine zinapepesa. Nikarudisha. Nilimuambia nimemaliza, hakuna kitu. Akauliza: na ile ya katikati? Nikamuambia sauti inakatika, réseau ni mubaya leo, nikakata.

Mama Agar aliweka tricot chini. Hiyo hafanye kila siku. Akaniuliza kwa upole juu ya nini Kambale haichomolewe. Nikamuambia chef haanguke kwa kuulizwa na batu ya chini. Kisha nikaenda kununua mandazi.

Magunia leo: kumi na mbili. Kasereka haionekane tena ukikaa.

Vendredi, tarehe 7

Kesho njo kesho! Na nimepata. Ee Mungu, nimepata! Namna gani sikufikiri mbele?

Haitakiwe kutengeneza kitu. Inatakiwa kueleza. Écran ikipepesa, maana yake camion iko inatembea! Ikitulia, camion imesimama. Mama Hadjara ataona agence yake inaishi, inapumua. Nimeandika maelezo page mbili, nimepima sauti mbele ya magunia. Ananie hawezi kufikia wazo ya namna hii hata akipewa mwaka.

Mama Agar alisikiliza yote. Asema ni maelezo muzuri. Kisha akauliza kama camion tatu zinatembea kwa siku tatu bila kufika, Mama Hadjara hataogopa?

Saa sita yaya Nzanzu alikuja na kipimo, anapima ukuta kwa ajili ya étagère ya kupangia bitunguu. Aliona kupepesa. Akasema, kwa sauti ile yake ya mukubwa wa nyumba: Kambale, leki yangu, mudogo yangu, chomoa ile câble mubaya. Na akanyoosha mukono! Nilisimama katikati. Nilimuambia mu hii chumba hakuna mutu anagusa Kambale. Tuliangaliana. Akabeba kipimo yake, akaenda. Hakukasirika, alikuwa na huruma, na huruma yake njo inaniuma kupita hasira.

Nilikaa juu ya gunia. Niandike ukweli, hii cahier, daftari yangu, haisomwe na mutu: naogopa. Naogopa sana. Nilimuambia Mama Agar yote, sijue ilinitoka namna gani. Kwetu nilikuwa wa pili ku meza, wa pili ku shule, wa pili ku picha, nyuma ya bega ya Nzanzu, unaona tu sikio yangu. Hii chumba ya mètre ine kwa tatu njo fasi moja ku dunia nimekuwa wa kwanza. Nikichomoa Kambale kwa mukono yangu mwenyewe, kisha nibaki nani?

Mama Agar alimaliza mustari wa tricot. Hakunicheka. Kisha akauliza colle iko wapi, na makasi. Asema hewa ya bitunguu imelegeza makaratasi ya majina, atabaki nyuma kidogo, atabandika upya na kupanguza meza, wageni bakute bureau safi. Mama muzuri sana huyu. Hajue kitu ya informatique, lakini ana moyo.

Samedi, tarehe 8

Naandika mbio, hivi hivi!

Nilifika saa mbili. Bureau inangaa. Mama Agar amepanguza zote, amepanga zote: Nzanzu kushoto, Kambale katikati, Kasereka kuume, makaratasi mapya, mwandiko muzuri wa shule. Nilimugusa Kambale ku pembe kwa kumutia nguvu. Amepata alama ndogo, sawa ile ya Nzanzu. Ni mavumbi ya bitunguu, nazani, inakwaruza.

Saa tatu Mama Hadjara akaingia, kitambaa ya bluu, macho ya mutu mwenye kununua camion akiangalia moteur kwanza. Salaam aleikum, aleikum salaam, habari ya barabara, alhamdulillah. Akakaa juu ya gunia bila kuuliza. Nyuma yake yaya Nzanzu, na gunia ingine ku bega. Alichagua ile saa makusudi!

Nikawasha. Beni na Butembo. Kirumba. Kanyabayonga. Muzuri kabisa! Kisha zikapepesa.

Nikatoa page zangu mbili. Nikasema: Mama, hii njo camion iko inatembea. Nikaeleza kupumua. Nikaeleza kuishi. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema kama mu kazi yake, taa ikipepesa, maana yake camion imekufa katikati ya barabara, na dereva amekimbilia mu majani. Akasema batu yake bakiona hii écran, batashusha mizigo yote na kuanza kulia. Akaanza kufunga sac yake.

Jamani! Nikamuona yaya anatafuta na macho fasi ya kushusha gunia. Nikaona Nzanzu pale kushoto, jina kubwa, inapepesa. Na mu kichwa yangu kukawaka mwangaza. Nilipiga kelele: ni Nzanzu! Ni Nzanzu njo anaharibu familia yote! Nikaruka, nikashika câble yake, nikaichomoa kwa mikono mbili. Sikuwaza mara mbili, hata mara moja.

Kimya.

Kambale imesimama. Kasereka imesimama. Dakika moja, tano, kumi. Hakuna hata kope moja! Mama Hadjara alihesabu ku saa yake, mimi nilihesabu ku roho. Kisha akauliza: na ya tatu? Mama Agar akafungua sac ya tricot, akatoa câble ya Ananie, akaiingiza mu Nzanzu. Nzanzu ikawaka, ikatulia, mupole sawa mutoto wa ubatizo. Tatu! Zote tatu, kimya, zinangaa, Beni mpaka Kanyabayonga!

Mama Hadjara alicheka, meno yote. Asema anachukua. Agence ya Butembo semaine ijayo, ya Beni kisha. Asema pia kama mutu mwenye kuwa na mama sawa huyu wa tricot hawezi kukosa. Hiyo sikuelewa muzuri, nazani ni adabu ya batu ya Beni.

Luc alikuja na furaha yake, Ananie akavuka barabara na haut-parleur nzima mikononi. Tulicheza kati ya magunia. Hata yaya! Kisha yaya Nzanzu akavua veste, akaanza kutoa bitunguu, gunia kwa gunia, akiimba. Nilimusaidia. Tulilia tena, na safari hii si bitunguu tu.

Kitu moja ya kushangaza. Câble yenye nilimuchomoa Nzanzu ilikuwa na scotch nyekundu. Scotch yangu! Ya Kambale! Unaona mutu huyu? Hata scotch yangu aliivaa.

Siku ya Mungu, tarehe 9

Misa, kisha kwa mama, familia nzima. Mama Agar naye tulimualika. Nilihadisia yote, nikisimama, na mikono: jinsi semaine nzima nilimupa Nzanzu nafasi ya kutubu, jinsi nilijua toka lundi, jinsi nilingojea saa ya kweli. Mama yangu alisema wasingya, asante ya kwetu, mara saba. Mama Agar alikuwa anacheka ndani ya sahani yake mpaka bugali ikamupitia fasi mubaya, ikabidi tumupige mugongoni.

Kisha kuku ikafika. Firigisi kwetu ni ya mutoto wa kwanza, toka babu. Yaya Nzanzu aliichukua, akaiangalia, akaiweka mu sahani yangu. Chumba ni yako, akasema kisha, kaa nayo. Nilimupenda sana yaya ile dakika, naandika wazi, nilimupenda na kipimo yake na bitunguu byake.

Firigisi ni ngumu kidogo. Miaka yote ile nilikuwa nazani ni kitu kubwa.

Njiani Mama Agar aliniuliza kama nimejifunza kitu. Nikamuambia ndiyo, mingi: kwamba mukubwa akikaa kushoto bado anaharibu, na kwamba mi sina haja ya fundi. Akauliza tena: kule Beni, ni nani atabandika makaratasi? Swali gani hii? Nitabandika mi mwenyewe, bila shaka. Mama wa batu amechoka, kazi ilikuwa mingi.

Sasa napanga sac ya Beni. Tournevis ya kukaza, rallonge ya umeme, colle, makaratasi matatu. Na câble ile ya scotch nyekundu. Mama Agar alikuwa ameitupa mu pubelle ya takataka! Nimeiokota. Kosa haikuwa yake, masikini, iliteswa tu ku shingo ya Nzanzu. Nimenyoosha bisindano byake tena kwa meno, nimeongeza scotch. Ku Beni nitaifunga ku Kambale, pale katikati, principale, macho ya batu yote. Nimeiweka mu sac ya kwanza, juu ya bitu byote.